Kitufe Kilichozama Mwika

Siku ya kwanza kazini, pale mjini Moshi, Mkuu wa Programu hakunikaribisha hata chai. Alinionyesha kompyuta mbili, moja mpya na nyingine kuukuu, akasema, "Binti, hapa hatuangalii. Hapa tunabonyeza." Nilimwona mkali bure. Baadaye nilimpenda kama baba.

Tulitunza kiunzi, yaani msingi wa programu unaochora madirisha, vitufe na menyu, ili programu ileile ifanye kazi kwenye mifumo tofauti ya kompyuta bila kuandikwa upya. Mimi nilikuwa wa majaribio: kila toleo jipya, nabonyeza kila kitufe kwenye mashine zote mbili. Ile kuukuu ilichukua robo saa kuwaka tu. Vijana wa leo mngeitupa dirishani.

Ijumaa moja nilikuwa na haraka ya kupanda Kibosho, kesho yake mpwa wangu anapata kipaimara. Nilijaribu mashine mpya. Ile kuukuu nikaiandikia "imepita" bila kuiwasha. Nikaenda kula mtori, supu yetu ya ndizi, kwa raha zangu.

Jumatatu mchana simu ikaja kutoka Mwika. Kwenye kioo kidogo cha kompyuta ya chama cha wakulima, kuukuu kama ile niliyoiruka, kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kimezama chini, hakionekani. Uzito wa kahawa ya asubuhi nzima ulipotea, na wakulima wakamshuku Mama Karani, aliyewapimia miaka ishirini, kuwa anawaficha kilo zao.

"Toleo nitalirekebisha mimi," Mkuu alisema. "Jina la yule mama utalirekebisha wewe."

Nilipanda Mwika na jani la isale. Kwetu Uchaggani, ukimpelekea uliyemkosea, hakatai kukusamehe. Mbele ya wakulima wote nilisema kosa ni langu, kisha nikamgeukia Mama Karani na jani mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nimekusamehe," alisema akilipokea. "Mashine yako bado. Toleo lingine lisitoke kabla sijalibonyeza mimi."

Basi ikawa desturi. Kila toleo lilipanda Mwika kwanza, na hitilafu alizozikamata yule mama, mimi na shule yangu nisingeziona.

Siku nilipoagwa kustaafu alishuka mjini na mkungu wa ndizi na daftari lake la zamani. Ndani ya kurasa mlikuwa na lile jani, limekauka.

"Nililiweka nikukumbushe siku ukikosea tena," alisema. "Chukua, mwanangu. Halikupata kazi."

Nililia, wala sikuona haya. Vyeti vyangu sijui viko wapi. Jani lipo sebuleni, ukutani.