Ganda la Jumapili ya Tatu

Mimi nina hasira za karibu. Hata leo, magoti yakiwa yanalalamika kila nikiinama, chungu kikichelewa kuchemka nakifokea. Kwa hivyo mtu aliyejaribu kunifundisha kungoja alikuwa na kazi, haki. Mtu huyo alikuwa mama mkwe wangu, huko vilimani karibu na Tawa, miaka ya sabini, nikiwa na mwaka mmoja na kitu katika boma lake.

Mama mkwe alikuwa mtu wa kuku. Wenzake kanisani waliombea mvua na watoto wa shule. Yeye aliombea hayo pia, halafu akaongeza kuku, kwa sauti, bila haya yoyote. Zamani kidogo alikuwa amekwenda Machakos kwenye maonyesho ya kilimo, ambayo sisi sote tuliyaita shoo, akaona jogoo wa aina ya Rodi Ailandi. Mwekundu wa kuiva, mkia mweusi unaong'aa, utepe umefungwa kwenye kizimba chake na watu wamemzunguka kama bwana harusi. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: alee jogoo wake wa namna ile, ampeleke shoo, na auone utepe wake kwa macho yake mwenyewe.

Na macho ndiyo yalikuwa yanamwacha. Ukungu ulianza jicho la kushoto, ukahamia la kulia. Hakumwambia mtu. Mimi nilijua kwa sababu siku hizo alikuwa akimimina chai na kidole amekitumbukiza ndani ya kikombe, apate kujua imefika wapi.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la katani upande wa Kibwezi. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta jirani yake, mama mmoja kutoka Nyeri, anafuga Rodi wa kweli. Nikampa debe la ndengu, naye akanipa mayai kumi na mawili. Niliyapanga kwenye kiondo chenye makapi ya mtama nikakipakata njia nzima. Kondakta aliponiambia kiondo kiende juu ya basi, nilimjibu jibu ambalo mke wa mlokole hafai hata kulijua. Hata hivyo, yai moja lilipasuka.

Mama mkwe alikataa kuyaatamisha siku hiyo. Alisema barabara imeyazungusha, wacha yalale kwanza, ncha ikiangalia chini, mpaka kizunguzungu kiyatoke. Jumapili tulipotoka kanisani aliyatia alama ya mkaa, yote kumi na moja, akayaweka chini ya kuku wake mweusi wa shingo tupu, mkali kunishinda mimi. Akasema zitapita Jumapili tatu. Huyo mama alihesabu kila kitu kwa Jumapili.

Jikoni kwetu kulikuwa na dirisha la mbao linaloangalia mashariki, na ubao mmoja ulikuwa umetoboka tundu la kutosha senti kumi ya zamani. Asubuhi, mlango ukifungwa, jua liliingia pale peke yake. Ukilishika yai kwenye tundu lile, linawaka kama taa na unaona mambo ya ndani. Zamani kazi hiyo ilikuwa yake. Jumapili ya kwanza alilishika yai la kwanza mbele ya uso wake kwa muda mrefu, akaligeuza, akaligeuza tena, halafu akanipa. "Hebu niambie wewe," akasema, kama mtu anayempima mwanafunzi. Hakuwa ananipima.

Nikamwambia naona buibui mwekundu, miguu yake ni nyuzi za damu zilizotambaa kila upande, na katikati kuna doa jeusi. Akauliza kama hilo doa linacheza. Nikasema linacheza. Akaniambia hilo ni jicho, kwamba jicho la kifaranga hukua haraka, unaliona likiwa kubwa hivyo wakati mwili wenyewe bado ni kitu cha kukisia. Kisha akacheka, na mimi nikajifanya sikuelewa kilichomchekesha.

Sita yalikuwa meupe ndani, hayana kitu. Barabara ile, aii. Moja lilikuwa na duara la damu limezunguka pembeni, na nilipomweleza akalitoa akaliweka kando, akasema huyo alianza njia akarudi. Yakabaki manne. Jumapili ya pili yalikuwa na giza karibu yote, isipokuwa nafasi ya hewa upande mnene, na kwenye matatu giza lilijisukuma nilipoyainamisha. La nne lilikuwa na maji yanayocheza tu. Siku chache baadaye tulitia yale matatu kwenye karai la maji ya uvuguvugu, nikamwelekeza mikono. Yaliruka juu ya maji yenyewe, tiki, tiki, nayo yakamgonga vidoleni. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi namna ile.

Jumapili ya tatu, yai moja lilikuwa limetobolewa tangu usiku, na kifaranga analia ndani. Mama mkwe alitaka kwenda kanisani kutoa shukrani mapema, maana alikuwa na imani ya ajabu. Jirani akaja kumshika mkono. Kabla ya kuondoka aliniita. "Usimguse. Akishatoboa hupumzika. Damu iliyo kwenye ile ngozi ya ndani inarudi mwilini, na kiini kinaingia tumboni. Bado ananyonya."

Nilisema sawa. Nikakaa. Saa tatu, tundu lile lile. Saa nne, lile lile. Kuku mweusi akaanza kunitazama kama mimi ndiye niliyelichelewesha. Saa sita kifaranga alikuwa analia kwa kukatakata, sauti imekuwa ndogo, na mimi nikachemka. Nilijiambia anakufa, na huyu bibi na Jumapili zake atanikuta nimekaa kama gunia. Nikaingiza ukucha, nikatoa kipande, kisha kingine. Ngozi ile ilipochanika, damu ikatoka, nyingi kuliko nilivyodhani kitu kidogo hivyo kinaweza kuwa nayo. Tumboni kiini kilikuwa bado kinaning'inia nje. Alifungua mdomo mara mbili mkononi mwangu, basi.

Nilimzika nyuma ya ghala. Ganda nililitia kwenye mkebe ambamo mama mkwe aliweka maganda ya kukaanga na kuwasagia kuku, kwa mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe. Aliporudi nikamwambia mmoja amefia ndani. Akasema pole, tena akanipa pole mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini sikufungua mdomo.

Wale wawili walitoka Jumatatu alfajiri bila msaada wa mtu. Tetea alichukuliwa na mwewe kabla hajamaliza miezi miwili. Jogoo akakua, mwekundu, mpana kifuani, mwenye majivuno ya mtoto wa pekee. Mama mkwe alimjua kwa mikono, kila unyoya. Tulipofika shoo ya Machakos mwaka uliofuata, macho yake yalikuwa yameshafunga kabisa.

Tulimwosha jogoo miguu kwa sabuni, nikampaka mafuta kwenye kilemba. Mwamuzi, kijana aliyevaa koti jeupe, alimwinua, akampekua bawa la kulia, akakuta chini yake manyoya mawili yenye weupe, dosari kwa Rodi. Alipitia vizimba vyote kisha akarudi kufunga tepe. Nyekundu kwa wa kwanza, buluu kwa wa pili, njano kwa wa tatu. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe alikuwa amesimama wima, kitambaa chake cha kanisani kichwani, ameelekeza uso mahali ambapo hapakuwa na kizimba.

"Amepata?"

"Amepata, mwaitu." Nilimwita hivyo daima, mama yangu.

"Rangi gani?"

Nitasema ukweli, neno 'nyekundu' lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nani angemwambia vinginevyo? Mama wa watu alikuwa amengoja miaka yote hiyo. Nikamwangalia, hasira zimenijaa, za yule mwamuzi na manyoya yake mawili.

"Njano," nikasema. "Wa tatu."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akanyoosha mkono, nikampa utepe, akaupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Kifaranga hukata ganda akiwa ndani," akasema, "mviringo, kofia nzima inatoka. Lile nililoshika kwenye mkebe baada ya Jumapili ile lilikuwa limemenywa kwa nje, vipande vipande."

Nikalia pale pale katikati ya kuku wa watu, nikamweleza yote, ukucha, damu, kiini, nyuma ya ghala. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Nikamuuliza mbona alinyamaza mwaka mzima.

"Nilikuwa nangoja," akasema. "Leo ungeniambia ni nyekundu, ningeshukuru, tungerudi nyumbani. Lakini nisingekuuliza tena unaona nini."

Aliukunja utepe akautia kwenye kitambaa chake, akafunga fundo. Halafu akanishika kiwiko, akaniambia twende kwenye vizimba vingine, nimweleze wale wawili waliotushinda wanafananaje.