Nusu Kinyozi

Wateja walimwita Nusu Kinyozi, naye aliitika. Kichwa alikinyoa mpaka kikang'aa, lakini ndevu hakuzigusa. Mtu akiegemeza tu shingo nyuma, yeye alikuwa ameshamvua shuka. "Ndevu nenda kwa jirani," alisema, na hakuna aliyewahi kupata sababu.

Alasiri hiyo binti yake alikaa kwenye benchi la kusubiria, akimsomea insha. Alikuwa mwanafunzi wa sheria, na kesho yake angeisoma ukumbini chuoni, siku ya haki za binadamu. Ilihusu familia zinazokimbia vita, na ilianza na yao: mji ulivyowaka, walivyopata lifti ya lori wakavuka mpaka, yeye akiwa mgongoni kwa mama. Ndivyo ilivyosimuliwa nyumbani siku zote. Tulipata lifti.

Kitini alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili. "Sasa binti akiwa hakimu, Nusu Kinyozi, si utataka kunyoa mahakama nzima?"

"Nitaanza na ulimi wako. Tulia."

Binti alicheka, akaendelea mpaka kwenye kipande alichokipenda mwenyewe, ambacho hata mhadhiri wake alikisifu: "Muuaji hasimami peke yake. Yupo aliyempikia, yupo aliyemfulia, yupo aliyemnyoa ndevu. Mikono hiyo nayo ina damu." Ile ya kunyoa aliitia kwa mapenzi tu, kwa kuwa ni mtoto wa kinyozi.

Mashine ikazimwa. Fundi viatu akajipapasa. "We! Upande huu bado!"

"Njoo kesho nimalizie. Bure."

"Leo kweli umekuwa nusu," alinung'unika, akavaa kofia na kutoka.

Baba akakaa kwenye kile kiti, akamtazama binti kupitia kioo.

"Lifti hatukuipata, mwanangu. Tulipewa. Kamanda aliyechoma mtaa wetu alikuwa akija kwangu kila asubuhi. Anaegemea, anafumba macho, koo liko wazi hivi. Na mimi nanyoa. Nilinyoa vizuri, akaridhika, akatupa nafasi kwenye lori lake. Majirani walisimama barabarani wakitutazama tunavyopanda."

"Ungefanya nini, baba? Wangetuua."

"Wangetuua, ndiyo."

"Basi nakifuta kile kipande."

"Kwani ni uongo?"

"Sikujua ni wewe!"

"Angekuwa baba wa mwenzako, ungekifuta?"

Binti alikunjakunja karatasi.

"Kisome kama kilivyo," baba alisema. "Miaka yote hii hakuna aliyeniambia neno hilo."

Siku iliyofuata alifunga duka, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa mstari wa nyuma. Binti alisoma vizuri: mji, moto, lori, mpaka. Alipokikaribia kile kipande aliinua macho. Mhadhiri alikuwa akitabasamu tayari, akikisubiri. Kule nyuma baba naye alikisubiri, amekaa wima, mikono magotini.

Binti akageuza ukurasa.

Makofi yalijaa ukumbi. Nje watu walimzunguka baba, hongera mzazi, hongera sana, naye akaipokea mikono yao mmoja mmoja na kushukuru. Kisha akarudi na binti mpaka mlangoni pa duka.

"Umeniruka," alisema.

"Nimekuonea huruma, baba."

"Najua." Alihangaika na kufuli, likagoma, kisha likafunguka. "Hata yule kamanda alinionea huruma."

Fundi viatu alikuja mbio, kofia imeshushwa hadi masikioni. "Mke wangu amenicheka usiku kucha. Leo unamaliza au nikashtaki kwa binti?"

"Kaa," baba alisema, akakung'uta shuka.

Binti akachukua ufagio. Nywele za jana zilikuwa bado sakafuni.