Mashua Iliyobeba Mgongoni

Mashua mpya ilifika kwenye bandari yetu ndogo ya ziwani, karibu na Kirotshe, Jumatano moja asubuhi. Ilikuwa ya kijani, mbao zake bado zinanuka rangi, na ilivutwa na mtumbwi wa kukodi kwa sababu mota yake haijafungwa. Mwenye mashua alisimama ufukoni, viatu mkononi, na wanaume wote wakachungulia nyuma yake kumtafuta mwenye mashua.

Ni yeye. Mama Emérita, mjane kutoka Nyabiondo, kule milimani, mkulima wa maharagwe na mihogo tangu alipoweza kushika jembe. Niseme mapema kwamba mimi, Constance, ninayeuza chai na mandazi hapo bandarini, si shahidi asiye na upande. Yule mama ninampenda. Na kuna wanaume wa bandari ile ambao nimechoka nao, ingawa chai yangu wanainywa kila siku.

Papa Honoré, msimamizi wa wavuvi, ndiye aliyemsogelea.

“Mama, hii boti iko ya nani?”

“Iko yangu.”

“Ya bwana yako?”

“Bwana yangu alishakufa. Hii nimefanyisha miye.”

Papa Honoré akaitazama mashua, akamtazama mama, kisha akaondoka bila kusema hongera. Hakuna aliyesema hongera. Mtu akinunua mbuzi hapa anapongezwa mpaka anachoka, lakini mwanamke aliyeleta mashua ya mita kumi na mbili alinyamaziwa kama mtu aliyekosea nyumba ya matanga.

Sababu ya mashua ile ninaijua, maana niliiona kwa macho yangu. Miaka yote maharagwe yake yalishuka kwa pikipiki na malori kutoka milimani hadi kwetu, ili yavuke ziwa kwenda sokoni, kisiwani Idjwi. Na miaka yote yalipakiwa mwisho. Zilianza mbao, ikafuata simenti, wakafuata mbuzi, kisha wenye mbuzi. Mwaka juzi magunia yake yalikaa ufukoni siku kumi na moja mvua ikinyesha, na kila siku aliambiwa kesho. Siku ya kumi na mbili alifungua gunia moja mbele ya kibanda changu, akakuta maharagwe yameota. Alichukua moja lenye kijimkia cheupe, akaliangalia sana, akasema kwamba hatamwomba mtu nafasi tena. Akarudi kwake, akauza ng'ombe wawili, akatafuta fundi.

Basi siku hiyo ya Jumatano, Samy alipokuwa anaifunga mota, mama aliingia ndani ya mashua na hakutaka kutoka. Samy ni dereva wa mashua mwenye mvi, mtu mpole, aliyekubali kumfanyia kazi wakati wengine walikuwa wakicheka. Mama alipiga mbao kwa ngumi. Alikaa mbele, akahamia katikati, akahamia nyuma. Mashua ilipoyumba alishika ukingo kwa mikono miwili, akacheka peke yake. Hajui kuogelea. Aliniuliza breki iko wapi, nikamwambia mashua haina breki, akafikiri kidogo, akasema hata mteremko wa Nyabiondo hauna.

Ilibaki kupakia, na hapo ndipo makosa yalipoanzia.

Wanawake wa milimani hawabebi kichwani kama watu wa tambarare. Mzigo unakaa mgongoni, chini kabisa karibu na kiuno, na kamba yake inapita kwenye paji la uso. Ukiwa umefungwa hivyo, unaweza kupanda mlima na kilo hamsini. Usichoweza ni kugeuza shingo. Mama Emérita ana alama ya kamba ile kwenye paji lake, mfereji mdogo ambao hata kitambaa hakiufichi. Alipoona mashua, kichwa mbele, kiuno nyuma, aliona mwenzake.

“Magunia yote nyuma,” akawaambia wapakizi.

“Mama,” Samy akasema, “mizigo tunawekaka mu katikati.”

“Katikati njo tumbo. Ulishaona muntu anabeba gunia ku tumbo?”

Samy alikuna kichwa. Mashua si yake. Magunia ishirini na mawili yakalundikwa nyuma, karibu na mota, na mashua ikainua pua.

Waliondoka saa nne. Samy alipoongeza moto wa mota, pua ilipanda zaidi, mota ikanguruma, na nyuma ya mashua maji yakachimbika shimo, kisha yakasimama. Sijawahi kuona wimbi kama lile kwenye ghuba yetu, ambayo siku nyingi hutulia kama kioo, hata unaweza kuchania nywele humo. Lilikuwa refu kama kibanda changu. Lilikuja ufukoni bila haraka, likapindua mitumbwi miwili iliyofungwa, likapanda mchanga, na likachukua zote zile sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, ambazo Papa Honoré alikuwa amezianika juani. Mimi mwenyewe liliniosha miguu na kunizimia jiko.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mama Emérita alikuwa anakwenda zake, mgongo wima, uso mbele. Hakugeuka hata mara moja. Angegeukaje? Miaka arobaini hajawahi kugeuka akiwa na mzigo.

Alirudi alasiri, mashua tupu, ameuza vizuri, uso unang'aa. Alikuta wanaume tisa wamesimama mstari.

“Mama, umetuzamisha,” Papa Honoré akasema.

“Nani amezama?”

“Pirogi mbili. Na sambaza zangu yote imerudi mu maji.”

“Kama imerudi mu maji, utavua tena.”

Nilicheka, na sikupaswa, kwa sababu Papa Honoré aligeuka akanitazama. Lakini mama alipoonyeshwa mitumbwi iliyopinduka na nyavu zilizojaa mchanga, uso wake ulibadilika. Akaagiza gunia la maharagwe alilokuwa amebakiza kwangu lipelekwe kwa mke wa Papa Honoré palepale. Aliomba msamaha vizuri, kwa heshima, kama inavyotakiwa. Ingekuwa mimi ni Papa Honoré, mambo yangeishia hapo.

Yeye hakuishia hapo.

“Ku milima munajua maharagwe,” akasema. “Hapa ku maji haiko pa bamama. Siku ya yenga hii boti itoke, itafute bandari ingine.”

Siku ya yenga ni Jumapili, na bandari ingine hakuna. Upande mmoja ni miamba, upande wa pili ni matope yanayomeza mtu hadi magotini. Akitolewa pale, mashua yake inakuwa birika kubwa la kuhifadhia maji ya mvua, na maharagwe yake yanarudi mkiani, nyuma ya mbuzi. Kila mtu alilijua hilo. Ndiyo maana alilisema.

Mama Emérita alivaa viatu vyake taratibu, kimoja, kisha kingine.

“Papa Honoré, magunia yangu ililala hapa siku kumi na moja mu mvua. Hakuna muntu aliniambia bandari iko na benyewe. Leo nimeleta boti, njo benyewe banaonekana? Sitoki. Uniambie wimbi yangu iko mubaya, nitaikubali. Lakini usiniambie miye ni mama, ile ninajua toka zamani.”

Wanaume walinung'unika. Mmoja wao, ambaye mtumbwi wake ulikuwa umepinduka, akasema kwamba mama amesema neno la haki kuhusu wimbi, basi apimwe kwa wimbi. Papa Honoré hakuweza kukataa mbele ya wenzake. Akaweka sharti: Jumapili baada ya misa, mitumbwi itafungwa pande mbili za mlango wa bandari. Mama atapita katikati na mzigo wake wote. Ndani ya mtumbwi wa Papa Honoré kutakuwa na beseni la maji lililojaa hadi ukingoni. Yakimwagika, anatoka.

“Nimekubali,” mama akasema, kabla Samy hajafungua mdomo.

Ijumaa walikwenda mbali, katikati ya ghuba, kujaribu. Nilipanda nao, kwa kuwa jiko langu lilikuwa bado halijakauka na kwa kuwa nilitaka kuona. Magunia mapya, yaliyoshuka kutoka milimani Alhamisi, yalikuwa nyuma vilevile. Samy aliendesha polepole, lakini wimbi likaja. Akapunguza, likaja dogo, lakini likaja. Mama alikaa mbele, anaangalia mbele, anatuuliza sisi: liko? Na sisi: liko.

“Mama,” nikamwambia, “geuka uone mwenyewe.”

Aligeuza shingo kidogo, ikagoma katikati kama kawaida yake. Basi akainuka, akageuza mwili wote, akakaa kinyumenyume kwenye ubao. Samy akaongeza moto. Maji yakachimbika, yakapanda, yakasimama nyuma yetu, ya kijani na laini, yanatufuata kama ng'ombe anayemjua mwenyewe.

Mama aliinama kuyatazama. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, “Ni miye ninafanya ile?”

“Ni weye,” Samy akasema. “Weye na ile magunia.”

Niliona aibu usoni pake, maana alikuwa anafikiria nyavu zilizojaa mchanga. Na niliona kitu kingine, ambacho sitakiita aibu. Mikono yake ilikuwa imekunja ngumi magotini, na alikuwa karibu kutabasamu.

Akaanza kuburuta magunia mwenyewe. Tulisogeza matano, wimbi likapungua. Tukasogeza tisa, pua ikashuka. Yote yalipolala katikati, kwenye tumbo, mashua ilikaa sawa na maji nyuma yetu yakawa mikunjo midogo. Alikubali kwamba alikuwa amekosea, mara moja, kwa maneno mawili, na hakurudia. Kisha akamwambia Samy ampishe kwenye mota, amfundishe. Siku hiyo na kesho yake tulizunguka ghuba mpaka mafuta yakakaribia kwisha. Alikwenda kombo kama mlevi wa pombe ya kasiksi, lakini alikwenda.

Jumapili watu walikuja na nguo za misa. Mitumbwi ilifungwa kumi upande huu, kumi upande ule, na beseni la Papa Honoré lilijaa hadi maji yamevimba juu ya ukingo. Samy alipita katikati polepole, mama kando yake, mimi juu ya magunia. Mitumbwi ilitikisika kidogo tu. Beseni halikumwaga hata tone.

Nikadhani tumemaliza. Papa Honoré akainua mkono.

“Samy njo amepita. Samy namujua toka utoto. Mwenye boti hajapita. Siku Samy atagonjwa, nani atatulinda?”

Nilitaka kumtupia ndazi. Wanaume wengine walitazama miguu yao, na wale wenye haya wakakohoa, lakini hakuna aliyempinga. Mama Emérita ndiye aliyejibu, na alijibu bila kupandisha sauti.

“Samy, shuka.”

Samy akashuka. Akaniangalia mimi kama anayeniuliza kama nashuka pia. Miguu yangu ilitaka, sitadanganya. Nikabaki juu ya magunia.

Mama akageuza mashua, akaanza upya. Alikaa nyuma, mkono kwenye mpini wa mota, mwili wake ameukalisha ubavu ili aone mbele na nyuma bila kuisumbua shingo. Midomo ilikuwa inacheza. Nadhani alikuwa anasali, au anamtukana mtu. Tuliingia kati ya mitumbwi. Tulikwenda polepole kiasi kwamba nilihesabu mafundo ya kamba zilizoifunga. Kwenye mtumbwi wa saba tuliyumba, akarekebisha kwa kidole. Tukafika kwa Papa Honoré, ambaye alikuwa ameinama juu ya beseni lake kama daktari juu ya mgonjwa. Maji yalitetemeka. Yalitetemeka mpaka ukingoni, yakarudi katikati, yakatulia.

Papa Honoré aliliangalia beseni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaliinua kwa mikono miwili, akamwaga maji ziwani.

“Ikae,” akasema.

Mama Emérita hakumshukuru. Na mimi nisingemshukuru.

Nilifikiri angegeuza turudi, watu walikuwa wameanza kupiga makofi na wanawake wa soko walikuwa wanaimba. Lakini yeye aliendelea, moja kwa moja, akaupita mtumbwi wa mwisho, akaenda mpaka bandari ikawa mstari tu na hakuna chombo chochote karibu yetu. Hapo akapunguza moto.

“Constance,” akaniambia, “uniletee magunia nyuma.”

“Ngapi?”

“Yote yenye unaweza.”

Niliburuta kumi, nikiwa na gauni langu la misa, nikilalamika njia nzima. Pua ikainuka. Akakaa kinyumenyume, mgongo wake mbele, akafungua moto wote, na wimbi lake likachimbika, likapanda, likasimama nyuma yetu refu kuliko siku ile ya kwanza. Hapakuwa na mtumbwi wa kupindua wala sambaza ya kuosha.

“Miaka makumi ine ninabeba,” akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Sikuwahi kuona nyuma yangu kunakuwa nini.”

Hakugeuka tena kutazama tulikokwenda. Huko mbele niliangalia mimi.