Vidonge vya Siku ya Ukaguzi

Mimi na mwenzangu mmoja tulistaafu jeshi mwaka mmoja, tukaingia chuo cha ualimu Chake Chake muhula mmoja, tukakaa benchi moja. Watu walituona chanda na pete. Ukweli ni kwamba nilimhusudu mtu yule.

Umri wetu mmoja, lakini tumbo lake limelala, langu hufika mlangoni kabla yangu. Kila asubuhi alikimbia uwanjani Gombani na vijana wa darasa letu, nao wakimwita Kocha. Mimi waliniita Mzee. Mkahawani yeye aliagiza muhogo wa kuchemsha na samaki. Mimi nilikula chipsi, nikashushia soda, kisha sigara mbili nyuma ya vyoo, nikatafuna karafuu kuua harufu.

Presha nilikuwa nayo tangu kambini. Vidonge nilivificha ndani ya soksi, maana kwetu jeshini anayejiandikisha mgonjwa huitwa mtegaji, mkwepa kazi, na jina hilo halikutoki mpaka unastaafu nalo. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua. Kila akinikumbusha dawa, nilimjibu kuwa nitakunywa siku nikiumwa.

Ikatangazwa kwamba sote tutapimwa afya kabla ya kwenda skuli kwa mazoezi ya kufundisha. Atakayekutwa na presha ya juu atabaki hadi mwaka unaofuata. Sikuogopa ugonjwa. Niliogopa mwenzangu kushika chaki mbele ya watoto huku mimi nimebaki chuoni namsubiri arudi anisimulie.

Basi nikajiandaa kama tulivyojiandaa kwa kila ukaguzi. Siku ya ukaguzi buti linang'aa, shuka limenyooka, na kesho yake kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Asubuhi ile nikameza vidonge vinne kwa mkupuo, tumbo tupu, nikavaa shati lililopigwa pasi.

Kwenye foleni alinitangulia, kama kawaida yake. Nesi, binti mdogo, akamuuliza kama ana maradhi yoyote.

"Miye n'na presha, mwanangu," akajibu, na foleni nzima ikasikia. "Mwaka wa nne huu. Nakunywa kidonge kimoja kila nikishasali alfajiri."

Akatoa bahasha ya dawa mfukoni akamwonyesha. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja akasema hata babake anayo. Nesi akampima, akamwambia iko sawa, aendelee hivyo hivyo.

Wivu ulionishika hapo haukuwa wa mbio wala wa tumbo. Nilimwonea wivu ulimi wake. Neno nililolificha miaka yote kambini, yeye alilitamka mbele za watu na heshima yake ikabaki pale pale. Nilitamani afoke, akosee, afanye lolote la kunifariji. Nikapiga hatua kwenda kwenye kiti cha kupimwa, macho yakaingia giza.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, miguu yangu imeinuliwa, na aliyeishika ni mwenzangu. Darasa zima limetuzunguka. Nesi alisema presha yangu imeshuka mno.

"Mzee, umekunywa dawa gani?"

"Sikunywa kitu."

"Basi huenda ni moyo," akasema nesi, na uso wake ukabadilika.

Mwenzangu akaniinamia sikioni. "Afande, miye nishawahi kumeza vingi ili nipite ukaguzi. Weye umemeza vingapi?"

Nikafumba macho. Nilikuwa tayari kutibiwa moyo usioumwa kuliko kusema mbele yake na mbele ya wale vijana. Akanitazama kidogo, kisha akainua kichwa.

"Tokeni nje nyote," akawaambia vijana. "Mwacheni apate hewa."

Walipokwisha kutoka, naye akawafuata, akaufunga mlango nyuma yake. Ndipo nikamwambia nesi ni vinne.

Angekuwa yeye aliyelala pale, mimi ningewaacha wote wabaki wasikie.