Swala wa Harusi ya Mwanaidi

Harufu ya nyasi zilizochomwa ndiyo inayonirudisha. Baridi ya Johannesburg ni kavu, haina mvua. Nyasi hugeuka rangi ya mkate, watu wakazichoma kando ya barabara kuu, na moshi wake ukaingia mpaka mtaani kwetu Malvern, mpaka ndani ya shuka. Mwingine akiunusa hukohoa. Mimi moyo hunienda mbio, kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi, katika baridi kama hii, nilikimbia kwenye nyasi za namna hiyo nikishindana na roho ya mnyama, na huku nyumbani dada yangu Mwanaidi alikuwa amekwisha pakwa hina.

Baba yetu, mtu wa Tanga, alikuwa fundi wa kushona viti vya magari katika Barabara ya Jules. Mteja wake mmoja, mkulima wa Kizungu tuliyemwita Mzee Danie, alikuwa na shamba kubwa kaskazini mwa jiji, lililozungushiwa uzio wa waya, na ndani ya uzio swala pala walikuwa wamezaana kupita kiasi. Simba hakuna, chui hakuna. Ukame ulikuwa umekausha nyasi zikawa hazina lishe, swala wanatafuna magome ya miti na kuvamia chakula cha ng'ombe, mbavu zao unaziona kwa mbali. Kila baridi Mzee Danie aliwapunguza kwa bunduki. "Nisipoua baadhi, njaa itawaua wote," alimwambia Baba, na kwa kuwa walikuwa wakielewana, akatuahidi swala mmoja wa harusi. Weee! Nyumbani ilikuwa kama mvua imenyesha. Kazi za Baba zilikuwa zimelala miezi mingi, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Hillbrow, ukoo mzima. Mama akatangaza pilau ya swala kwa kila mtu, hata kwa wasiouliza. Ndivyo alivyo mama yangu, habari njema ikimfikia haikai tumboni.

Lakini nyama ile ilikuwa na masharti. Bunduki ilikuwa ya Mzee Danie na kibali kilikuwa chake, kwa hiyo wa kupiga ni yeye peke yake, naye hasomi Bismillahi. Ili swala awe halali kwetu, ilibidi Baba amkute hai, amwelekeze kibla na kumchinja kwa kisu chake. Akimkuta amekwisha kufa, basi, huo ni mzoga. Sasa fahari ya Mzee Danie ilikuwa kupiga kichwani, mnyama aanguke kabla hajasikia mlio. "Mimi simtesi mnyama," alisema. "Hata mimi simtesi," Baba akamjibu. Wakasimama pale kando ya gari, wote wawili na huruma zao, wasijue zikutane wapi. Mwishowe Mzee Danie akakubali shingo upande: swala wetu angempiga nyuma ya bega, halafu sisi tukimbie. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Siku ile baraka yote ilikuwa kwenye haraka.

Baba goti lilikuwa linamsumbua, ndiyo maana tulikwenda na Mjomba Shaibu, kaka yake Mama, mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa zaidi, aliyeapa kwamba kwa mbio hana mpinzani. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mtaani kwetu hakukuwa na mvulana wa kunishinda. Kazi yangu ilikuwa kufika kwanza na kusimama pale swala alipoangukia, asipotee kwenye nyasi ndefu. Baba alinishika bega akanifundisha: "Mguse jicho kwa ncha ya jani. Akipepesa kope, nipungie mkono. Asipopepesa..." Hakumalizia. Nilimwangalia usoni, naye akageuka kutazama jua, akijifanya anatafuta kibla.

Mchana kutwa wanaume walichuna swala wengine, wale wa wafanyakazi wa shamba. Wetu alikuwa wa mwisho. Jua lilikuwa limeshuka, upepo unakata masikio, na kundi limesimama mbali likitutazama. Tulilala kifudifudi nyuma ya gari, Mjomba akiwa juu ya gari ili aone vizuri. Nilikuwa naogopa, nisidanganye. Nilimwonea huruma yule swala ambaye bado hakujua kuwa ndiye, na papo hapo nilikuwa namwomba Mungu aanguke lakini asife. Mlio ukapasuka. Kundi likaruka kama limemwagwa, mmoja akakimbia upande, akayumba, akazama kwenye nyasi. Mzee Danie akaweka bunduki chini, akapaza sauti, "Sasa!"

Nikatoka. Miiba ilinichana miguu, kiatu kimoja kikabaki nyuma, sikukirudia. Nyuma yangu nilisikia Mjomba akilaani: suruali yake ilinasa kwenye ndoano ya gari, bingwa wa mbio akabaki ananing'inia. Baba alikuwa anakuja akichechemea, kisu mkononi. Nilimkuta swala amelala ubavu, mwili bado una joto, jicho wazi, zuri sana. Nikachuma jani. Nikaligusa jicho. Hakupepesa. Nikagusa tena, nikamwambia kwa sauti, "Pepesa, tafadhali, pepesa kidogo tu."

Baba alifika anahema, akapiga magoti, kisu tayari. Mjomba naye akaja, suruali imechanika, anapiga kelele: "Chinja! Chinja, shemeji! Nimeona mguu umetikisika!" Baba hakumtazama. Alinitazama mimi. "Zuhura, mwanangu, umemkuta hai?"

Nilimwona Mwanaidi na hina yake. Nilimwona Mama na sufuria alizoazima mtaa mzima. "Amekufa, Baba. Nimemgusa mara mbili."

"Mtoto anajua nini?" Mjomba akafoka. "Harusi kesho kutwa! Nani atajua?"

"Wewe ulikuwa garini," Baba alisema taratibu. Akafuta kisu ambacho hakikuwa na damu, akakirudisha alani mwake. "Heri lawama kuliko fedheha, Shaibu." Mzee Danie alipoelezwa alitikisa kichwa, eish, nyama nzuri namna hii, kisha akawapa wafanyakazi wake. Kupiga mwingine alikataa: mwanga ulikuwa umefifia, na hakupenda kujeruhi asichokiona vizuri. Njiani kurudi nililia kimyakimya mpaka robot, zile taa za kuongoza magari, za Barabara ya Jules zikaanza kuonekana.

Wakwe walikula pilau ya viazi na dengu. Mama mkwe alikoroga sahani yake akitafuta, akauliza, "Swala mwenyewe amekimbilia wapi?" Watu wakacheka, na dada yangu chini ya shela akainamisha kichwa. Baadaye alinivuta pembeni. "Ungepunga mkono tu, Zuhura. Mkono tu!" Hakusema nami mpaka baridi ile ikaisha. Iliniuma, na nasema wazi kwamba bado inaniuma kidogo.

Leo Baba hayupo, Mungu amrehemu, na Mwanaidi anaishi mtaa wa La Rochelle, humu humu jijini, na watoto wanaosikia Kiswahili na kujibu Kizulu. Nyama siku hizi iko kila kona, imekatwa, imefungwa kwenye plastiki, na ukutani pana mhuri wa halali mkubwa kama sinia. Hakuna anayekimbia, hakuna anayegusa jicho la mnyama. Juzi moshi wa nyasi ulipoanza kuingia dirishani, dada alinipigia simu: binti yake mkubwa anaolewa, anataka nikamchagulie nyama ya pilau mimi mwenyewe, nikasimame kwa mchinjaji nione kwa macho yangu. Nikamtania. Nikamwambia mji mzima una mihuri, ananisumbua ya nini, mtu mzima na magoti yanayouma kama ya Baba?

Akasema, "Mhuri mimi siujui, mdogo wangu. Wewe nakujua."