Waliolala Chini ya Nyasi za Montgaillac

Firmin Lacoume ametunza nyasi za klabu ya raga ya Montgaillac kwa miaka thelathini na minne. Katika muda huo klabu imeajiri makocha kumi na tisa, wote magwiji wa mbinu, na wote wametimuliwa. Nyasi hazijatimuliwa hata siku moja. Timu ikipigwa pointi hamsini nyumbani, na imeshapigwa, wageni huondoka wakikiri kwamba uwanja, angalau, ni wa daraja la kwanza.

Mji una watu elfu sita na uwanja wa watu elfu saba. Mji wa namna hii umepataje timu ya kulipwa, hata kama ni ya daraja la pili? Wenyeji hawaulizi, maana kila mmoja anaamini ni kwa ushauri wake.

Mwaka huu wakapata mwenyekiti mpya, Thibault Darrieu, mtoto wa mfamasia wa hapohapo, aliyekwenda Paris akarudi na viatu vyeupe na neno "mradi". Mradi wa kwanza ulikuwa kung'oa nyasi na kutandika zulia la plastiki. Tingatinga lingeingia Jumatatu. Alilitangaza hilo akitabasamu kama mtu aliyewaletea keki.

Firmin hakula siku mbili, na huko kusini mwa Ufaransa, ambako hata mgonjwa mahututi huulizwa kama ataongezewa nyama ya bata, hilo si jambo dogo. Mkewe, Maylis, yumo ndani ya nyasi zile, kwenye kona ya kushoto karibu na kibendera.

Maylis hayumo humo peke yake. Ipo desturi Montgaillac ambayo haijaandikwa popote, kwa kuwa sheria haiipendi. Mpenzi wa klabu akifa na mwili wake ukachomwa, jamaa zake huja Jumatatu asubuhi na majivu, pamoja na chupa ya pombe kali ya kumshukuru Firmin. Naye humwaga, hupitisha reki, humwagilia maji. Kila mmoja anataka mtu wake alale chini ya goli la upande wa kanisa. Firmin, ambaye hajui kumkatalia mjane, huwajibu wote jibu moja: "Nimemweka hapo, peke yake. Usimwambie mtu." Nao hawakumwambia mtu, kwa sababu waliona wamependelewa.

Jumamosi asubuhi wanachama walikutana kwenye ukumbi ulio chini ya jukwaa.

"Zulia halinywi maji wala halikatwi," Thibault alieleza. "Na mzee wetu Firmin atapumzika. Si umechoka, mzee?"

"Nimechoka na nyinyi. Nyasi hazijanikosea kitu."

Watu wakacheka. Bi Sarrade, mjane wa mchezaji wa safu ya mbele, akasimama na mkoba kifuani.

"Mwenyekiti, pale huchimbi. Mume wangu yuko chini ya goli."

"Yuko wapi?"

"Chini ya goli la kanisani. Firmin alimweka mwenyewe, peke yake."

"Peke yake vipi?" Pujol muuza nyama akadakia kutoka nyuma. "Si baba yangu ndiye yuko hapo!"

"Baba yako? Yule ambaye hata pasi ilimshinda?"

"Mheshimu marehemu, mama!"

"Na kaka yangu je?" mwingine akapaza sauti. "Na mama mkwe wangu!"

Firmin alikuwa akikagua dari.

"Firmin!" Bi Sarrade akamgeukia. "Umemlaza mume wangu na watu wangapi?"

"Kumi na wanne. Lakini Bi Sarrade, alisukumana na wenzake kwenye skramu, bega kwa bega, miaka kumi na miwili. Amezoea kubanana."

Thibault alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mji wa vichaa huu! Bahati nzuri baba yangu yuko milimani. Mama alikwenda kummwaga mwenyewe, akarudi na matope mpaka magotini."

Firmin akashusha macho kutoka darini. Hili hakutaka kulisema.

"Mwanangu, ilikuwa mwezi wa nane, na kiangazi kile mvua haikunyesha hata tone. Matope hayo angeyatoa wapi? Mimi nilikuwa nimetoka kumwagilia nyasi."

Bi Sarrade akaketi. Firmin akaendelea:

"Mama yako alimleta baba yako ndani ya kopo la maini ya bata. Goli alilikataa, akasema pamejaa. Nikamweka kwenye mstari wa mita ishirini na mbili, pale alipovunjika mguu akicheza."

Thibault aligeukia dirisha linalotazama uwanja.

"Upande gani?" akauliza, na sauti ya Paris ilikuwa imemtoka yote.

Zulia lilitandikwa kwenye uwanja wa mazoezi. Tangazo la klabu lilisema ni kwa sababu za kiufundi.

Mechi iliyofuata walipigwa tisa kwa thelathini na moja. Thibault, akivuka uwanja kwenda kuwapa wageni mkono, alifika kwenye mstari ule akauruka, nusura aanguke. Mashabiki wakampigia makofi, maana siku nzima hawakuwa wameona mruko mzuri kama ule.

Watu walipokwisha kuondoka, Firmin alivuta mpira wa maji mpaka kwenye kona. Maylis aliichukia raga, na hakukanyaga uwanjani maisha yake yote. Wiki yake ya mwisho ndipo alipomwambia mumewe: "Nipeleke kwenye nyasi zako. Miaka yote hii nimekusubiri nyumbani. Huko angalau nitakuona kila siku."

"Tumepigwa tena," Firmin alimwambia. "Lakini unabaki."

Kisha akafungua maji, akaimwagilia kona ile mpaka viatu vyake vikalowa.