Mjomba Aliyenisubiri Sangasanga

Sikuondoka nyumbani kwa sababu nilikuwa na imani. Niliondoka kwa sababu mwanafunzi ambaye angefika Ijumaa bila mahali pa kufanyia field, yaani mafunzo ya vitendo, angerudia mwaka, na mimi sikuwa na pa kwenda. Nasoma kilimo cha bustani hapa Morogoro. Ofisi nilizozitumia maombi kwa barua pepe zilikuwa kimya. Kundi moja la WhatsApp lilinipa nafasi siku ileile niliyojiunga, mradi nitume kwanza hela ya fomu kwa mtu ambaye jina lake lilibadilika kila nikiuliza. Nikajitoa.

Ndipo akanipigia mwanamke nisiyemjua.

"Wewe ndiye Zaituni wa chuo? Nasikia unatafuta field. Mimi naitwa Mama Koleta, nina kitalu cha miche huku Mgeta. Pa kulala papo, chakula kipo. Njoo kesho tuonane."

Nikamuuliza natakiwa kulipa nini. Akasema hakuna. Nikamuuliza namba yangu kaipata wapi. Akasema, "Wewe njoo, tutaongea," akakata simu.

Tapeli anayeomba hela namwelewa. Huyu asiyeomba kitu ndiye aliyenitia wasiwasi.

Nyumbani Mafiga, asubuhi. Mama alikuwa jikoni akigeuza vitumbua vya kuuza, hivyo hakuweza kunisindikiza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kaone kwa macho yako," akasema. "Lakini usiingie ndani ya nyumba ya mtu. Na wakikuuliza, usiseme uko peke yako. Sema kuna mtu anakusubiri."

Njiani nikamchagua huyo mtu. Baba yuko mbali, kaka angeonekana mdogo. Mjomba alinifaa zaidi, nikampa na kazi ya uaskari kabisa.

Sangasanga ndipo barabara ya Mgeta inapoachana na lami ya Iringa na kuanza kupanda milimani. Nilichukua bodaboda. Kabla ya kupanda nilijifanya napiga picha milima, kumbe napiga picha namba ya pikipiki.

"Unaenda kwa Mama Koleta?" dereva akauliza. "We mwanafunzi?"

"Kwa nini?"

"Aa, basi tu. Wanafunzi hawakai pale. Wa mwisho nilimshusha mimi, siku ya pili tu, na begi lake."

"Alifanywa nini?"

"Mi sijui, dada. Mi nabeba watu tu."

Nilijua anajua. Tulipanda katikati ya matuta ya karoti na njegere, viroba vya kabichi vikisubiri gari kando ya njia, na baridi ikaanza kuingia kwenye mikono ya gauni. Kila kona tuliyopita mtandao wa simu ulipungua. Tulipofika juu haukuwepo kabisa. Mahali pazuri mno pa kumpotezea mtu, nikawaza.

Mgeta, kabla ya adhuhuri. Mama Koleta alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa sweta na buti za mpira. Alisimama ndani ya geti la mianzi, mkono wake juu ya komeo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

Hakuna karibu, hakuna habari za safari. Swali lake la kwanza ni lilelile alilonionya mama.

"Nimekuja na mjomba," nikasema. "Yuko Sangasanga, ananisubiri."

Uso wake ukabadilika. "Mjomba? Kaka yake mama yako?"

"Ndiyo, wa tumbo moja. Ni askari."

"Mbona hakupanda?"

"Amesema nitangulie niangalie, halafu nikamwambie."

Niliona limemwingia, nikajipongeza. Nikaongeza maswali niliyoyaandaa ili nijue kama kweli ana shamba au ameazima la watu: shamba ni lake mwenyewe? Linaanzia wapi, linaishia wapi? Nani jirani?

Aligeuka akaita, "Kaka Valeri! Njoo, wamerudi!"

Akatoka mwanamume migombani, panga mkononi. Akapita geti la pembeni, akasimama kwenye njia niliyojia. Nikatazama simu, hakuna mtandao.

"Kamwambie mjomba wako," Mama Koleta akasema, "ardhi hii ni ya ukoo wa mama yetu, wazee walishaamua. Hapati hata tuta moja."

"Ardhi gani, mama?"

Valeri ndiye aliyenijibu, bila kusogea njiani. "Binti, usijifanye hujui. Huku ardhi inafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Kuna watu wa mjini wanadai bibi yao katoka humu. Juzijuzi walituletea kijana, akajiita mwanafunzi, siku ya pili tukamkuta anapima shamba kwa hatua. Sasa wewe unakuja na mjomba, tena askari."

Sisi si Waluguru, wenyeji wa milima hii. Kwetu mjomba ni mtu wa kukununulia viatu vya sikukuu. Nilikuwa nimechagua ndugu mbaya kuliko wote.

"Kama yupo, tunashuka kwake sasa hivi," akasema Mama Koleta. "Kama hayupo, sema."

Nikisema yupo, field imekwenda na mwaka wangu umekwenda. Nikisema hayupo, nimekiri mbele ya mwenye panga kwamba hakuna anayenisubiri popote. Niliogopa sana. Ndipo nikaona mkono wake juu ya lile komeo. Ulikuwa umelibana lisifunguke, mimi nikiwa nje. Nikajiuliza, mtu aliyekutegea mtego atakuogopaje?

"Hayupo, mama," nikasema. "Sina mjomba hata mmoja. Mama yangu alizaliwa peke yake."

"Nani alikufundisha kusema hivyo?"

"Mama."

"Twende ukampigie."

Tulipanda hadi nyuma ya kanisa, ambako mtandao unashika. Wakaongea wao wawili kwa muda mrefu, kwanza kwa ukali. Mama Koleta alimuuliza mama kwao wapi, na kwa nini amtume mtoto peke yake. Aliposikia Tabora, mabega yakashuka. Aliponirudishia simu akasema, "Namba yako nilipewa na mteja wangu, muuza kabichi wa sokoni. Anasema kuna binti wa chuo kila Jumamosi anamchosha kwa maswali ya miche, akamwachia na namba amwite miche ikija." Akaanza kushuka. "Jumatatu. Uje na mama yako."

Safari ya kurudi, dereva ni yuleyule. "Umeshindwa?" akauliza. Nikamwambia Jumatatu naanza. Alinitazama kwa kioo cha pembeni mpaka Sangasanga.

Wenzangu wanaotafuta nafasi huniuliza nimejifunza nini. Nawaambia waendelee kushuku, maana matapeli wapo. Lakini nafasi yangu haikutoka kwenye maombi, ilitoka kwenye meza ya kabichi nilikokuwa nasimama kuuliza maswali bila kutegemea kitu. Na nawaambia wakumbuke kwamba anayewapokea naye anawashuku, pengine kwa sababu nzito kuliko zao.

Jumatatu tulipanda na mama, begi langu katikati yetu. Mama Koleta alisimama palepale getini. Alisalimiana na mama, kisha akachungulia njiani nyuma yetu.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna, dada," mama akasema.

Akafungua komeo. "Basi karibuni ndani."

Mama, aliyenikataza kuingia ndani ya nyumba ya mtu, akavua viatu akatangulia.